Zambarau, tunda lililozaa rangi

Zambarau ni tunda la mzambarau, mti mkubwa wa jamii moja na mkarafuu na mpera. Kwa jina hilohilo, zambarau ni rangi iliyo kati ya nyekundu na buluu. Maana hizi mbili huishi pamoja katika Kiswahili bila kugongana. Mtoto mwenye sinia kichwani akinadi zambarau sokoni, hakuna anayedhani anauza rangi, na fundi cherehani akiulizwa kama ana uzi wa zambarau hatazami matunda. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, ambako mti wenyewe hauonekani katika kila ua, rangi imeenea kuliko tunda. Iko katika maabara za hospitali kama ile ya Kolandoto, iko madhabahuni wakati wa Kwaresima, iko kwenye bendera za siasa na kwenye noti yenye picha ya mgodi wa dhahabu wa Geita.

Wataalamu wa mimea huuita mti huu Syzygium cumini. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za kusini mashariki mwa Asia, na umepandwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Hukua hadi kufikia mita 30, una kivuli kizito, na majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja hata kiangazi kikiwa kikali. Maua yake ni madogo, meupe, na huvutia nyuki wengi. Tunda lina urefu wa sentimita mbili au tatu, lina kokwa moja, na hubadilika kwa hatua zinazoonekana wazi: huanza kijani, huingia wekundu hafifu, hukolea, kisha huiva na kuwa na rangi nzito iliyo karibu na weusi. Nyama ya ndani hubaki nyeupe au yenye wekundu wa mbali. Kwa hiyo rangi inayoitwa zambarau si hasa ile ya ganda la tunda lililoiva, kwa kuwa ganda hilo ukilitazama harakaharaka utaliita jeusi. Ni ile inayotoka tunda linapopondwa: rangi ya maji yake, ya ulimi wa mlaji na ya doa kwenye shati.

Afrika nayo ina ndugu wa mti huu, Syzygium guineense, anayeota mwenyewe kandokando ya mito na katika mapori ya miombo, na watu wengi humwita mzambarau mwitu. Matunda yake ni madogo zaidi lakini huliwa, na huacha alama ileile kinywani. Mzambarau wa kupandwa hupenda maji. Shinyanga ina kiangazi kirefu, hivyo mti huo hustawi pale unapopata unyevu, yaani kando ya visima, kwenye mabonde, au katika viwanja vya taasisi ambako mche ulimwagiliwa hadi ukajitegemea. Upande wa Geita, karibu na Ziwa Victoria, mvua ni nyingi zaidi na mti hauhitaji kubembelezwa sana.

Kuna sababu nyingine inayolifanya tunda hili kuwa geni kwa walio mbali na mti. Ganda lake ni laini mno. Likidondoka chini hupasuka, likipangwa kwenye gunia huminyika, na baada ya siku moja au mbili huanza kuchacha. Machungwa ya Muheza hupakiwa kwenye lori na kufika Kanda ya Ziwa yakiwa mazima, lakini zambarau haziwezi safari hiyo. Huliwa palepale zilipoanguka, au huuzwa kwenye soko la karibu kwa mafungu na kwa vikopo, zikiwa zimeoshwa na kunyunyiziwa chumvi. Chumvi hiyo ina kazi yake. Tunda lina tanini, kemikali inayofanya kinywa kikauke na ulimi ukakamae, na chumvi hupunguza ukakasi huo na kuuachia utamu nafasi.

Rangi yenyewe hutokana na kundi la kemikali liitwalo anthosianini, lilelile linalotia rangi zabibu nyeusi, ganda la bilinganya na maua ya rosela. Anthosianini hubadilika kulingana na uchachu: ndani ya kitu kichachu huelekea nyekundu, na ndani ya magadi au sabuni huelekea buluu. Ndiyo maana doa la zambarau kwenye sare ya shule huonekana kugeuka buluu mara tu linapopakwa sabuni ya kipande, na mama anayefua hudhani ameliharibu zaidi. Limau au ndimu ikitangulia kabla ya sabuni, doa hulegea kwa urahisi zaidi, hasa likiwa bado bichi.

Kokwa zilizokaushwa na kusagwa hutumika katika tiba za asili za India kwa watu wenye kisukari, na unga huo unauzwa pia Afrika Mashariki. Maabara zimeona dalili fulani kwa wanyama, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unga wa kokwa au chai ya majani vinaweza kushika nafasi ya dawa za hospitali. Jambo hili lazima lisemwe waziwazi, kwa kuwa wapo wagonjwa wanaoacha vidonge kwa kutumaini kokwa.

Jina la tunda limesafiri pamoja na mti. Kisanskriti huliita jambu, Kihindi jamun, na Kimarathi jambhul. Wareno waliokuwa Goa walichukua neno la huko wakalifanya jambolão. Zambarau ya Kiswahili ni ya ukoo huohuo wa maneno yaliyozunguka Bahari ya Hindi, na masikio huusikia undugu huo hata kabla ya kamusi kufunguliwa. Lililo la ajabu zaidi ni kwamba ng'ambo ya bahari tunda hilo limepewa kazi ileile ya kutaja rangi. Kwa Kigujarati rangi hii ni jambli, kwa Kimarathi ni jambhla, na kwa Kihindi jamuni, na yote hutokana na jina la tunda. Mfanyabiashara wa Kigujarati aliyefungua duka la nguo Shinyanga enzi za pamba, na mteja wake Msukuma aliyezungumza naye Kiswahili, walikuwa wakiita kitambaa kimoja kwa tunda moja katika lugha mbili.

Si zambarau peke yake iliyofuata njia hiyo. Chungwa nalo ni tunda na rangi katika Kiswahili, na hata Kiingereza kilikuwa na tunda hilo kwanza kabla ya kulitumia jina lake kwa rangi mnamo karne ya 16. Kiswahili hufanya hivyo kwa utaratibu unaoonekana katika karibu rangi zake zote. Rangi zenye mzizi wake wa kivumishi ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hizo hubeba viambishi vya ngeli, ndipo tunapopata shati jeusi, kikombe cheupe, barabara nyekundu. Nyingine karibu zote zimeazimwa kutoka katika vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye kiungo cha mchuzi, samawati kwenye mbingu za Waarabu, na waridi kwenye ua. Hizi huunganishwa kwa -a: shati la kijani, kanga ya manjano, gauni la zambarau. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kilichodai kwamba lugha hupata majina ya msingi ya rangi kwa mpangilio, nyeupe na nyeusi zikitangulia, nyekundu ikifuata, na rangi kama zambarau, waridi na chungwa zikija mwisho kabisa. Nadharia hiyo imekosolewa kwa mengi, lakini mizizi mitatu ya Kiswahili inakaa sawasawa na hatua yake ya pili.

Kwa kuwa zambarau ilikuja baadaye, nyekundu bado inashikilia mali yake ya zamani. Mfano ulio wazi uko sokoni. Kitunguu kinachouzwa Shinyanga, Kahama au Geita kina maganda ya zambarau kabisa, lakini hakuna mnunuzi anayekiita hivyo: ni kitunguu chekundu. Vivyo hivyo kwa viazi vitamu vyenye ganda la rangi hiyo. Majina haya yalikwishakaa kabla watu hawajahitaji kutenganisha nyekundu na zambarau, na hayana sababu ya kubadilika. Zambarau hutumika zaidi kwa vitu ambavyo rangi yake imechaguliwa na mtu, kama vile vitambaa, rangi za ukutani, kofia, chupa na bendera. Bilinganya, ambayo ingeweza kuitwa ya zambarau kwa haki zote, mara nyingi huitwa nyeusi.

Kisarufi, mti uko katika ngeli ya M-MI, yaani mzambarau na mizambarau. Tunda husikika kwa namna mbili: wengine husema zambarau hili, mazambarau haya, na wengine zambarau hii, zambarau hizi. Rangi haina wingi. Mtu husema "magauni ya zambarau", si "ya mazambarau", na hapo ndipo sikio hutambua maana ipi imekusudiwa. Juisi ya zambarau ni ya tunda. Soksi za zambarau ni za rangi. Palipo na shaka, neno "rangi" huongezwa na shaka huisha.

Mipaka yake na rangi jirani inahitaji uangalifu zaidi. Upande wa nyekundu iko damu ya mzee, rangi nzito isiyo na buluu ndani yake, inayopendwa kwa sweta za shule. Upande wa buluu iko nili, na baada yake urujuani, neno lililotokana na Kiarabu. Katika mazungumzo ya kawaida zambarau humeza urujuani wote, na madukani kwenye vitenge neno "papo", lililochukuliwa kwa Kiingereza, linazimeza zote mbili. Fizikia hairuhusu kuzichanganya. Urujuani ni rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, ina urefu wake wa mawimbi, takribani nanomita 380 hadi 450. Zambarau haimo katika upinde wa mvua. Jicho huiona pale mwanga mwekundu na wa buluu unapoingia pamoja, wala hakuna wimbi moja linaloizalisha. Mwalimu wa sayansi anayemaliza orodha ya rangi za upinde kwa zambarau anaeleweka, lakini urujuani ni sahihi zaidi, na kuutunza kuna faida: ndiko lilikotoka neno urujuanimno, miale isiyoonekana ambayo hutumika kuua vijidudu kwenye maji na inayochoma ngozi ya watu wenye ualbino.

Maandiko ya dini yamelipa neno hili hadhi ambayo tunda halikuwa nayo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walipofika kwenye mavazi ya wafalme, vazi alilovikwa Yesu na askari, na bidhaa za Lidia wa Thiatira, walichagua zambarau. Rangi ya kale iliyokusudiwa ilitoka kwa konokono wa bahari wa pwani ya Tiro na Sidoni. Kila konokono alitoa tone dogo sana, kwa hiyo maelfu walihitajika kwa nguo moja, na gharama hiyo ndiyo iliyoifanya kuwa ya wafalme na matajiri. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hana konokono huyo. Watafsiri walimpa tunda ambalo doa lake analifahamu, na chaguo hilo lilikuwa jema. Katika Kanisa Katoliki padri huvaa kasula ya zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, na mara nyingi katika misa za wafu, kwa maana ya toba na matazamio.

Kemia nayo ilizaa zambarau yake mwaka 1856. William Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikupatikana. Alichopata ni unga uliotia hariri rangi ya zambarau isiyotoka, na huo ukawa mwanzo wa viwanda vya rangi za kemikali. Viwanda hivyo ndivyo vilivyokuja kuwapa madaktari rangi za kuonea vijidudu.

Hapo ndipo Kolandoto inapoingia, kituo kilicho kwenye njia panda ambapo barabara ya Lalago na Mwanhuzi huchepuka kutoka barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, chenye hospitali ya Kanisa la AICT na chuo cha sayansi za afya. Mwanafunzi yeyote wa maabara ya tiba hukutana na zambarau mapema katika masomo yake. Njia ya Hans Christian Gram, ya mwaka 1884, huanza kwa kumwagia sampuli rangi nzito ya zambarau, kisha ayodini, kisha spiriti ya kusuuzia, na mwisho rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau, wengine huipoteza na kubaki na wekundu, na kwa tofauti hiyo tu daktari anaanza kujua ni dawa gani ya kufikiria. Katika kipimo cha malaria kwa hadubini, rangi ya Giemsa huacha kiini cha kimelea kikiwa chekundu chenye uzambarau ndani ya mwili wake wa buluu. Damu ya kupimwa wingi wa chembe huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, chenye kemikali ya kuizuia isigande. Fundi akikosea akachukua chenye kifuniko chekundu, damu huganda na mgonjwa hurudi kuchomwa sindano tena. Kwa fundi maabara, kujua rangi kwa jina ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

Nje ya maabara, wagonjwa wengi wanaijua rangi hii kupitia jivii, dawa ya maji inayopakwa kwenye vidonda na kwenye utando mweupe wa kinywani mwa watoto wachanga. Vizazi vya watoto vimetembea na midomo ya zambarau kwa ajili yake. Siku hizi haipewi nafasi kubwa kama zamani, kwa kuwa kuna dawa nyingine za fangasi na kwa kuwa majaribio ya wanyama yalizua hofu ya saratani inapotumika kwa wingi na kwa muda mrefu. Pamanganeti ya potasiamu nayo hutoa maji ya zambarau ya kuoshea vidonda, na maji hayo yakigeuka kahawia, nguvu yake imekwisha.

Dhahabu ya Geita ina zambarau yake pia, ingawa mchimbaji anayesaga mawe kwenye karasha haioni. Dhahabu ikiyeyushwa kwa asidi kali iliyochanganywa, kisha ikakutanishwa na kloridi ya bati, hutokea rangi ya zambarau hata kama dhahabu iliyomo ni kidogo sana. Rangi hiyo hubeba jina la Andreas Cassius, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1685, na kwa muda mrefu imetumika kuthibitisha kuwapo kwa dhahabu na kutia rangi vioo na vyombo vya kauri. Sababu yake ni udogo wa chembe. Dhahabu iliyo katika punje ndogo kuliko zinavyoweza kuonekana kwa hadubini ya kawaida haing'ai manjano tena: huwa nyekundu, na kadiri punje zinavyokua au kushikana huelekea zambarau. Michael Faraday aliichunguza hali hiyo mwaka 1857. Leo chembe hizohizo ndizo zinazochora mistari kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria. Mstari mwekundu wenye uzambarau unaotokea kwenye kipande cha plastiki katika zahanati ya kijiji, kwa sehemu kubwa ya vipimo hivyo, ni dhahabu.

Noti ya shilingi 5,000 ya toleo lililoingia kwenye mzunguko mwaka 2011 ni ya zambarau. Mbele ina kifaru, na nyuma ina mgodi wa dhahabu wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Hivyo mfanyabiashara wa Katoro au Kahama anayehesabu mauzo yake jioni hutenganisha noti kwa rangi kabla ya kusoma tarakimu: nyekundu za elfu kumi, zambarau za elfu tano, buluu za elfu moja.

Katika siasa, zambarau ya Tanzania ni ya ACT-Wazalendo, chama kilichopata usajili wa kudumu mwaka 2014. Maalim Seif Sharif Hamad alipohamia chama hicho kutoka CUF Machi 2019, ofisi kadhaa za Zanzibar zilipakwa rangi upya kwa siku chache, na rangi ya ukuta ikawa taarifa kabla hata ya kibao kubadilishwa. Kenya ilipita njia ya chungwa. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 21, 2005, waliokubali walipewa alama ya ndizi na waliokataa chungwa. Chungwa lilishinda, na chama cha ODM kikazaliwa na jina la tunda na rangi kwa pamoja. Zambarau haikupitia tunda. Hakuna mkutano wa ACT unaoinua matunda juu; wanaoinua ni vitambaa. Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8, nayo huleta vitenge na fulana za zambarau kwenye maandamano, kwa urithi wa wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura na kuichukua rangi hiyo, pamoja na nyeupe na kijani, mwaka 1908.

Neno hili limeingia pia katika majina ya mahali, na hapo maana ya rangi haina sehemu. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna Mzambarauni. Wete, Pemba, kuna Mzambarauni Takao. Muundo ni ule wa Mwembeni na wa Michungwani mkoani Tanga: jina la mti, kisha -ni ya mahali. Kwa kawaida mahali hupewa jina la mti uliosimama hapo na kutoa kivuli, si la tunda lake wala la rangi yake, na jina hubaki hata baada ya mti kukatwa ili kupisha barabara.